Kola Isiyojua Utani

1

Kola ilipiga kelele Jumanne saa nne asubuhi, wakati Otmari Gama ananiambia kwamba nimenenepa kama mtu aliyekula mbwa wa jirani.

Hiyo ndiyo salamu yake. Miaka arobaini na moja ananisalimia hivyo, kwa sababu yeye ni Mngoni na mimi ni Mhehe, na babu zetu walipigana hadi wakachoka, wakaona heri watukanane kwa adabu kuliko kuzikana kila wiki. Tangu hapo sisi ni watani. Mtani wangu anaweza kuingia kwangu, akanivua kofia kichwani, akaondoka nayo hadi kwake, nami siruhusiwi kukasirika. Yeye anaruhusiwa kusema Wahehe tunakula mbwa; mimi naruhusiwa kumwita mkimbizi.

"Mkimbizi we," nikamjibu. "Mlitoka mbio huko kusini, mkasimama Songea kwa sababu viatu viliisha."

"Viatu tulikuwa navyo. Tulisimama kumwonea huruma Mhehe, tumfundishe nyama nyingine."

Mbwa wangu alikuwa amelala jikoni. Anaitwa Wataongea. Nilimpa jina hilo makusudi, mwaka ule mke wangu Semeni alipofariki, majirani wakaanza kunong'ona kwamba mzee Kastori Kihwele siku hizi anaongea na kitoto cha mbwa. Nikaona niwape kazi. Basi Wataongea akasikia tumeanza, akaja mbio, akasimama katikati yetu, manyoya ya mgongo wima, akamwonyesha Gama meno yote aliyojaliwa na kunguruma ngurumo moja ndefu ya kutikisa vikombe. Gama akainama, akamngurumia naye. Hivyo ndivyo wanavyosalimiana.

Ndipo kola ikapiga. Pii, pii, pii. Taa nyekundu. Na sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri ikatoka shingoni mwa mbwa wangu: "Onyo la tatu. Kusudio la kumdhuru Otmari Gama. Kiwango cha nane. Mmiliki afike kituoni ndani ya saa arobaini na nane."

Gama akajinyoosha polepole.

"Kumbe una mwanamke humo," akasema. "Na anakusema."

Lakini hakucheka, na mimi sikucheka. Onyo la tatu kila mtu Mafinga anajua maana yake.

Nieleze kidogo, maana kitu chenyewe si kibaya, na mimi si mtu wa kusingizia chombo. Kola za maelewano walivishwa mbwa wote wa nchi mwaka juzi. Ndani mna vinyuzi vinne: kimoja kinasikiliza moyo, kimoja pumzi, kimoja ngozi, kimoja koo. Vinachanganya hesabu zao, vinakupa neno na namba. *Njaa, tatu. Hofu, sita.* Watu wengi waligundua mambo. Mzee mmoja wa Changarawe aliyemchapa mbwa wake miaka mitano kwa uvivu aliambiwa na kola kwamba mbwa ana jino bovu. Alikaa chini akalia, na siku hizi mbwa analala kitandani, yeye kwenye mkeka. Hayo ni mazuri. Ubaya ulikuja pale Mamlaka ya Maelewano ilipoona kwamba ukishajua mbwa ana hasira, unaweza kumhukumu kabla hajauma.

Na mimi nilikuwa na changu, kabla ya kola zao. Mimi nilikuwa fundi redio, sikusomea popote, nilisoma kwa kuunguza. Niliwahi kukamata stesheni ya Msumbiji kwa uma na sufuria, ukibisha muulize Gama, atakwambia ilikuwa ya Malawi. Basi niliunda kitambaa cha kuvaa mkononi na kingine cha mbwa shingoni, nikakiita ugwe. Ugwe hauna neno wala namba. Anachohisi mbwa kinakupanda mkononi kama joto, au baridi, au mwasho. Na unachohisi wewe kinamshukia yeye. Nilipeleka mchoro mjini, kwa watu fulani wenye viyoyozi. Walichukua nusu inayosikiliza, wakaacha nusu inayojibu. Mimi na Wataongea bado tunauvaa mzima.

2

Tulikwenda kituoni siku hiyohiyo, mimi, Gama na mbwa. Afisa wa kituo alikuwa binti anaitwa Mwasiti, ametoka Dar es Salaam miezi mitatu iliyopita na bado amevaa masweta mawili. Alitupa shikamoo nzuri sana. Alimkuna Wataongea nyuma ya sikio kabla hajafungua jalada, jambo lililonifanya nimpende na kumwogopa.

"Mzee Kihwele, mbwa wako ana maonyo matatu, yote kwa mtu mmoja. Sheria inasema anawekewa punje ya kutuliza. Haiumi. Ni ndogo kama mchele, inakaa hapa nyuma ya sikio, na hasira zinakwisha."

"Na vingine?"

"Vingine vipi?"

"Vinavyokaa pamoja na hasira."

Akamgeukia Gama, kalamu mkononi. "Wewe ndiye mhanga?"

"Ndiye mimi. Nitazame nilivyokonda."

"Sheria inakupa nafasi ya kusema unataka mbwa huyu afanywe nini."

Nikamtazama Gama. Sentensi moja ilitosha, tena fupi: *mbwa huyu hajawahi kunigusa.* Lakini ndugu yangu, mtu ametaniana miaka arobaini na moja, unamweka mbele ya afisa, unamuuliza kuhusu mbwa wa Mhehe! Mdomo wake ulifika kabla yake.

"Achinjwe," akasema. "Ila paja apewe mwenyewe, asije akalia njaa msibani."

Akacheka. Nikacheka na mimi, siwezi kudanganya, tena nilicheka hadi nikashika meza. Wataongea akapiga sakafu kwa mkia. Tulipoinua macho, binti alikuwa anaandika.

"Unaandika nini?" Gama akauliza.

"Mhanga anaomba mbwa achinjwe."

Kicheko kikatukauka.

"Mwanangu," Gama akasema, na sauti yake sikuitambua, "ule ni utani. Yule ni mtani wangu. Futa."

"Maelezo ya mhanga hayafutwi, babu. Wahanga wengi hutishwa na wenye mbwa. Na hiyo..." akapekua jalada, "hiyo ya utani, kwenye fomu haina sehemu yake."

"Haina sehemu?"

"Kuna *tishio*, kuna *tusi*, kuna *mengineyo*."

Gama alikaa kama mtu aliyekanyaga kifaranga. Naye Mwasiti, nadhani sura zetu zilimuuma, akapunguza sauti.

"Sikilizeni. Kuna njia. Nawapa siku saba. Msitukanane. Salimianeni kama watu wazima wengine, mbwa azoee utulivu. Jumanne mje, tumpime mbele yenu. Akishuka chini ya tano, nafunga jalada. Ni hilo tu. Matusi au mbwa, wazee wangu. Chagueni."

3

Kabla sijachagua nilipita dukani kwa Mama Nyenza, kwa sababu mbwa wake Bwege aliwekewa punje mwezi wa nne. Zamani Bwege alikuwa mwizi wa soksi. Sasa alikuwa amekaa kando ya gunia la mahindi, anatazama ukuta.

"Hana shida kabisa," Mama Nyenza akaniambia. "Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia simama, anasimama."

"Usipomwambia?"

Akapanga viberiti vilivyokuwa vimepangika tayari. "Usipomwambia, anakungoja."

Nikaomba ruhusa, nikamfunga Bwege ugwe wa akiba niliokuwa nao mfukoni. Nilisubiri joto, nilisubiri hata baridi. Unajua redio ikiwaka lakini stesheni zote zimefungwa, hata mkwaruzo hamna? Bwege akanilamba kidole mara moja, kwa heshima, akarudi kwenye ukuta wake.

Nilifika nyumbani nikamwambia Gama, aliyekuwa ananingoja barazani na kofia yangu kichwani: "Tujaribu."

Akavua kofia, akanirudishia kwa mikono miwili. Hajawahi kunirudishia kofia maishani mwake.

"Habari za mchana, mzee Kihwele," akasema.

"Njema, mzee Gama. Za kwako?"

"Namshukuru Mungu."

Nikamletea kiti, akasema ahsante. Nikamletea chai, akasema isiwe nimejisumbua. Wataongea alitoka jikoni akifikiri tumeanza, manyoya yamesimama tayari, akafika katikati yetu akakuta hamna kitu. Akamtazama Gama. Akanitazama mimi. Akakaa chini taratibu, masikio nyuma.

Siku ya pili Gama alibisha hodi. Miaka arobaini na moja, leo anabisha hodi! Siku ya tatu alinipongeza kwa bustani yangu, na bustani yangu ni mbaya. Kola ilikuwa ya kijani muda wote, *utulivu, mbili*, na yule mwanamke wa ndani alitusifu kwa ushirikiano. Lakini mkononi mwangu ugwe ulikuwa umeanza kupoa. Siku ya nne ubaridi ulifika kiwiko. Siku ya tano Wataongea aliacha ugali wake, akaenda kulala mlangoni upande wa ndani, uso umeelekea nje, kule anakotokea Gama.

Ndipo nikaelewa, nikiwa naosha sufuria, nikajiona mjinga wa kwanza wilayani. Huyu mbwa alifika kwangu siku ya msiba wa Semeni, akiwa na wiki saba. Alikaa chini ya kiti akaona mambo. Aliona watu wakija mmoja mmoja kwa sauti ya chini, pole mzee, pole mzee, na kila pole ikinizamisha. Kisha akamwona Gama akiruka ndani ya kaburi lililochimbwa, akajilaza humo chali, akapiga kelele kwamba hatoki hadi Wahehe wampe kuku, na kwamba marehemu alikuwa mzuri mno kuachiwa mtu kama mimi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Nilicheka. Siku nne sikuwa nimekula, nikacheka mbele ya jeneza la mke wangu, na nilipomaliza kucheka nikaweza kulia. Kitoto cha mbwa kikaona hayo yote, kikajipangia mambo yake kichwani: wanaomngurumia huyu mzee ndio wake, na wenye adabu ndio wanaoleta kifo.

Na sasa rafiki yake mkubwa alikuwa ameanza kuwa na adabu.

4

Jumanne Gama alikuja kituoni amevaa tai. Mwasiti alikuwa ameandaa chumba: kiti changu huku, kiti cha Gama kule, mbwa katikati, na ukutani kioo cha namba. Pembeni, meza ya chuma na, ndani ya kisanduku cha kioo, bastola ya sindano ya kuwekea punje.

"Mwambie mbwa wako atulie, mzee. Babu Gama, ingia umsalimie."

Nilitaka kusema neno. Nilitaka kumwambia binti kwamba tumekosea dawa. Lakini namba ilikuwa mbili, kijani, na nikafikiri: dakika tano tu, Kastori, vumilia dakika tano, umrudishe nyumbani mzima.

"Habari za asubuhi, mzee Kihwele," Gama akasema.

"Njema, mzee Gama. Karibu."

Mbili. Tatu.

"Mmeamkaje nyumbani?"

Tano. Wataongea hakunguruma. Manyoya yalilala. Alisimama bila sauti, kichwa chini, na ugwe ukanipanda baridi hadi begani, baridi ya chuma cha asubuhi Julai. Sita. Nane. Gama, maskini, alikuwa amefundishwa adabu yote. Akanyoosha mkono anipe mkono, kama mgeni.

Tisa. Mbwa wangu akaondoka sakafuni kimya kimya, meno yakielekea kwenye ule mkono.

"Rudisha mkono wako, mkimbizi!" nikapiga kelele. "Nani amekufundisha kuvaa tai, wewe uliyekuja nchini umefunga ngozi ya paka?"

Wataongea alitua. Meno yalifunga hewa, umbali wa kidole kimoja tu kutoka kwenye mkono wa Gama.

Gama akaurudisha mkono kifuani, lakini mtani ni mtani. "Tai... tai nimeivaa nijifute," akasema. "Jikoni mwa Mhehe mtu hajui kalishwa nini!"

Manyoya yakasimama. Meno yakatoka nje yote. Ngurumo ikaanza, ile ndefu ya kutikisa vikombe, na mkia, ambao kola haina kinyuzi chake, ukaanza kwenda huku na huku kama ufagio wa harusi. Joto likarudi mkononi mwangu, nikahisi macho yananilowa.

"Nane," Mwasiti akasoma. Uso ulikuwa umempauka. "Bado ni nane. Bado ni nyekundu."

"Njoo hapa, mwanangu." Nilifungua ugwe mkononi mwangu. "Vaa."

"Siruhusiwi kuvaa chombo kisichosajiliwa."

"Na huyu hakuruhusiwa kunipenda kwa kunguruma. Vaa."

Akavaa. Nikamwashiria Gama aendelee, naye hakuhitaji kuombwa mara mbili; alieleza kwa kirefu jinsi babu yangu alivyokimbia vitani akiwa amejifunika mtungi. Wataongea akamngurumia kila neno. Nilimtazama binti. Kwanza alitazama mkono wake kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Kisha mabega yakashuka. Kisha kikamshika kitu mdomoni, kile kinachomshika mtu anapotaka kucheka kanisani, akageuza uso ukutani.

"Sisi Wazaramo," akauliza bila kugeuka, "watani wetu ni akina nani?"

"Wasukuma," Gama akasema. "Dar wamejaa. Hukuwaona?"

"Nilikaa meza moja na Msukuma miaka miwili. Tulikuwa tunaitana mheshimiwa."

"Maskini," Gama akasema, kwa huruma ya kweli.

Kioo cha ukutani kikalia. Kisanduku kikajifungua chenyewe, bastola ya sindano ikasogea mbele. *Kiwango kimepita. Mhusika awekewe punje.* Mwasiti alifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Amri imeshatoka," akasema. "Nisipomwekea mimi, watakuja wengine kumwekea, na mimi nitaondolewa. Nimeona, mzee. Naapa nimeona. Lakini kioo hakijaona."

"Amri inasema nani anawekewa?"

"Mbwa."

"Soma vizuri. Mimi nimeisoma hapo ukutani Jumanne ile, wewe ukiandika mambo ya kuchinja."

Akasoma kwa sauti. "*Mvaa kola yeyote atakayefikisha kiwango cha nane mara tatu mbele ya mtu yuleyule.*" Akanitazama. "Waliandika mvaa kola badala ya mbwa, ili hata paka waingie."

Kola za akiba zilikuwa kwenye rafu, zimepangwa kwa ukubwa. Nilichagua ya mbwa wa polisi. Ilinibana kidogo kidevuni, lakini nimewahi kuvaa suti ya harusi iliyobana kuliko hiyo. Ikapiga mlio, ikawaka kijani. *Karibu,* yule mwanamke akaniambia sikioni. *Tuanze kuelewana.*

"Mzee, usifanye hivyo. Ukishawaka ni kumbukumbu ya serikali."

"Ndiyo nataka. Mngoni! Ulilala kaburini mwa mke wangu kwa sababu ya kuku mmoja!"

"Kuku mwenyewe alikuwa anakohoa!"

Moyo wangu una umri wa miaka sabini na moja na haujawahi kunifanyia kazi vizuri kama siku ile. Pii, pii, pii. Nane. Nikapumua, nikamtukana tena kuhusu mguu wa baba yake. Tisa. Nikamtukana mara ya tatu, hilo sitaliandika hapa kwa sababu wajukuu wanasoma. Kumi. Kioo kikaandika jina langu chini ya jina la Wataongea.

Gama alikuwa ameshafungua tai. "Nipe na mimi moja," akasema. "Na isiwe ndogo kuliko ya Mhehe."

Dakika nne baadaye kulikuwa na kola tatu nyekundu ndani ya chumba, zinapiga kelele kwa pamoja, na wanawake watatu waliolelewa vizuri wanasema kusudio la kudhuru, kusudio la kudhuru. Watu walikuwa wamejaa dirishani. Mimi nilimsogeza Wataongea kando, nikapanda mimi kwenye meza ya chuma. Nikageuza sikio.

"Haya. Hapa nyuma. Anza na mimi."

"Aanze na nani?" Gama akafoka. "Lini Mhehe alitangulia Mngoni kwenye hatari? Shuka!"

"Mimi ndiye nilitangulia kuwa mwekundu!"

"Mimi ndiye mhanga! Mhanga anaheshimiwa! Binti, mwambie ashuke!"

Alinivuta mguu. Nikamvuta sikio. Wataongea akapanda mezani juu yetu wote, ananguruma kwa furaha kubwa, mate yanatudondokea usoni. Mwasiti alisimama na bastola mkononi. Sindano ilikuwa tayari. Alitutazama watatu, mmoja baada ya mwingine, namna mtu anavyotazama mto kabla ya kuvuka na viatu.

Akaondoa punje. Akaiweka kwenye kikopo cha chai iliyopoa, akaikoroga kwa kalamu, akamwaga nje dirishani. Kisha akaketi, akavuta jalada, akaandika kwa mkono wake, bila haraka, huku akisoma:

"*Zoezi halikufanyika. Wahusika watatu, Wataongea, Kastori Kihwele na Otmari Gama, walifika kwa hiari yao, na wameshindwa kukubaliana nani atangulie.* Nitaandika hivyo kila watakapouliza. Nao waje waamue wenyewe."

Akapiga muhuri.

Gama akachungulia juu ya bega lake, kola ikiwa bado inamlilia shingoni, akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Umekosea hapa," akasema. "Jina langu ndilo linatangulia."